Matumbawe Yametoa Ushahidi: Tuukatae kwa Hoja Gani?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, jioni moja baada ya swala ya Alasiri mwandishi wa tahariri hii alikuwa amekaa barazani mwa msikiti wa kijiji kimoja cha wavuvi, upande wa magharibi wa Pemba. Mzee mmoja aliyeivua bahari ile tangu utotoni akasema: "Ustadhi, sisi zamani tukitega madema yetu hapa hapa mbele ya kijiji. Adhuhuri tumesharejea na kitoweo, na cha kuuza kimebaki. Leo kijana anashinda kutwa, petroli anaiteketeza, akirudi ana fungu moja." Kijana mmoja akadakia kwamba bahari imepata joto na matumbawe yamekufa, ndivyo walivyosomeshwa skuli. Mwenziwe akamkata kauli: "Hayo maneno ya Wazungu, bwana. Samaki ni rizki, na rizki hugawa Mwenyezi Mungu." Baraza nzima ikanyamaza, na macho yote yakamgeukia ustadhi.

Ustadhi hakuwa na jibu la kutosha jioni ile. Tahariri hii ni deni analojaribu kulilipa.

Kauli ya yule kijana wa pili ina haki ndani yake na ina kosa. Haki ni kwamba rizki yatoka kwa Allah. Hilo halina mjadala baina yetu. Kosa ni kudhani kuwa kwa kusema hivyo amejibu swali. Mkulima naye anajua kuwa mvua na mavuno ni vya Mola wake, lakini hachomi mbegu zake kisha akasubiri shamba liote. Allah ameviumba vitu na akaviwekea sababu zake, na kuzijua sababu hizo si kupunguza tauhidi. Kwa hiyo swali la barazani lilikuwa hili: je, khabari kwamba bahari inapata joto, na kwamba joto hilo linaua mwamba, ni khabari ya kweli au si ya kweli?

Sisi ni umma ambao Mwenyezi Mungu ameutunuku elimu ya kupima khabari. Aliyesoma mustalah anajua: tunamwuliza mpokezi ameipata wapi khabari yake, je ni mkweli, je anahifadhi vizuri, na je wapo wengine walioipokea kwa njia isiyokuwa yake. Wala katika mambo ya ujuzi wa dunia hatukuzuiwa kumsikiliza mjuzi kwa kuwa si mwenzetu. Siku ya Hijra, Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) waliongozwa njia ya kwenda Madina na Abdullah bin Uraiqit, mtu ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu, kwa sababu aliijua jangwa na alikuwa mwaminifu. Basi na tuipime khabari hii kwa mizani yetu wenyewe.

Mwanzo wake si wa jana. Mwaka 1859 mwanachuoni John Tyndall alithibitisha maabarani kwamba hewa ya kaboni, ambayo ni sehemu ndogo sana ya hewa inayotuzunguka, huzuia joto linalopanda kutoka ardhini. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akafanya hesabu na kuonyesha kuwa hewa hiyo ikizidi angani, dunia itapata joto. Wakati ule hapakuwa na chama cha siasa wala mkutano wa kimataifa uliohitaji kauli hiyo. Mwaka 1958 Charles Keeling akaanza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, mbali na miji na viwanda. Alikuta chembe 315 katika kila chembe milioni za hewa. Vipimo vya mahali pale havikukoma isipokuwa kwa vipindi vifupi, na leo idadi imevuka 420.

Huenda msomaji akauliza: tunajuaje kuwa ziada hiyo inatoka kwenye makaa ya mawe na mafuta, na si kwenye miti na viumbe vilivyo hai? Hapa ndipo penye jambo la kumfurahisha mwanafunzi wa isnadi, kwani kaboni nayo ina nasaba. Mti ulio hai una ndani yake aina moja ya kaboni ambayo hupungua kidogo kidogo baada ya mti kufa. Makaa na mafuta ni mabaki ya viumbe vilivyozikwa kwa mamilioni ya miaka, hivyo aina hiyo imekwisha kabisa ndani yake. Mwaka 1955 Hans Suess alionyesha, kwa kupima miti, kwamba hewa ya dunia ilikuwa imeanza kuchanganyika na kaboni ya kale isiyo na alama hiyo. Mpokezi ametajwa, na chanzo chake kimejulikana.

Aliyeona mashahidi hawa wote wako mbali na kwao, aje sasa pwani yetu wenyewe. Katika bahari ya Malindi, Kenya, watafiti walitoboa tumbawe moja kubwa lililo hai, wakatoa kipande kirefu chembamba kama mtu atoavyo udongo kwa bomba. Tumbawe hukua kwa tabaka mwaka hadi mwaka, kama shina la mti, na chokaa ya kila tabaka huhifadhi alama ya joto la maji ya mwaka ule. Walisoma tabaka za miaka 194, kuanzia mwaka 1801 hadi 1994, na matokeo yakatangazwa mwaka 2000. Chini ya panda-shuka za kawaida za miaka mibaya na miaka mizuri, waliona maji ya pale yamezidi joto kwa kadiri ya nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800. Tumbawe lile lilikuwa hai kabla ya kuzaliwa babu wa babu zetu. Halikusoma skuli ya Wazungu, na halina chama.

Ndugu Waislamu, inapotokea barafu ya ncha za dunia, vipimo vya mabaharia, pete za miti na matumbawe ya Malindi vyote vimesema neno moja, na hakuna aliyekaa na mwenziwe wakapanga, elimu yetu ina jina la khabari ya namna hiyo. Wingi wa njia zake huondoa dhana ya kuafikiana juu ya uongo.

Sasa tuangalie joto hilo limefanya nini kwenye mwamba. Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni mnyama mdogo sana, ajengaye nyumba ya chokaa kwa pamoja na wenzake maelfu kwa maelfu. Ndani ya mwili wake hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Rangi nzuri za mwamba aghlabu ni rangi za wageni hao. Maji yakizidi joto la juu la kawaida kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu kwa wiki kadhaa, makubaliano hayo huvunjika: tumbawe huwatoa wageni wake na kubaki jeupe kama mfupa. Bado halijafa, lakini lina njaa. Joto likishuka upesi hupona. Likiendelea, hufa, kisha mwani wa utelezi huota juu yake, na baada ya miaka mawimbi huuvunja mwamba uliokuwa nyumba na malisho ya pono, tasi na changu. Miamba ya matumbawe haifikii hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari za dunia, lakini takribani robo ya aina za viumbe vya baharini huitegemea kwa namna moja au nyingine. Basi dema lisilokamata kitu lina maelezo.

Wavuvi wenye umri wanaukumbuka mwaka 1998. Mwishoni mwa kaskazi, wakati maji yetu yanapokuwa na joto kuliko nyakati zote, bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe kuanzia Maldives na Shelisheli hadi Kenya na Tanzania yakageuka meupe. Inakadiriwa kuwa asilimia 16 ya miamba ya matumbawe ya dunia iliharibika katika tukio lile moja. Mwaka 2016 joto lilirudi tena katika bahari yetu. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu wakatangaza kuwa dunia imo katika tukio la nne la kugeuka meupe kwa matumbawe ya bahari zote. Na mwaka huo huo wa 2024 ulikuwa wenye joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa.

Kuna hoja moja ambayo ni haki kuijibu. Husemwa kuwa miaka ya joto ilikuwapo tangu zamani, na kwamba joto la mwaka 1998 lililetwa na El Niño, ambayo ni desturi ya bahari. Ni kweli, El Niño ni ya kale. Lakini zamani ilikuwa ikiongeza joto juu ya bahari iliyokuwa baridi kuliko ya leo, nayo miamba ikastahamili. Leo inaongeza juu ya bahari ambayo tayari imepanda. Mtu mwenye afya hubeba gunia akafika. Mwenye homa hubeba gunia lile lile akaanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliochunguza miamba 100 duniani, ulionyesha kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwamba ulikuwa ukipatwa na joto kali la namna hii mara moja katika miaka 25 hadi 30. Kufikia mwaka 2016 muda huo ulikuwa umepungua hadi miaka 6 hivi. Na hata matumbawe yanayokua haraka huhitaji miaka 10 au zaidi kurejea. Mgonjwa anapigwa tena kabla hajainuka kitandani.

Mwaka 2018 pia, jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa lilisema kuwa joto la dunia likizidi kwa nyuzi 1.5 kulinganisha na zama za kabla ya viwanda, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na likifika nyuzi 2 zaidi ya asilimia 99 yatatoweka. Karibu na kwetu, David Obura na wenzake wa CORDIO, taasisi ya utafiti yenye makao Mombasa iliyoanzishwa baada ya msiba wa 1998, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa miamba yote ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Walihukumu kuwa miamba ya kila eneo waliyoichunguza iko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50, kwa sababu mbili: joto la maji na uvuvi uliopindukia.

Tuitazame sababu ya pili, kwa kuwa ya kwanza tutasema iko mikononi mwa wengine. Watafiti waliokaa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya, akiwemo Tim McClanahan, walionyesha jambo ambalo mvuvi yeyote anaweza kulihakikisha kwa macho yake. Kikande ni samaki anayekula wale viumbe wenye miiba ambao kila mtembea mwambani amewahi kuchomwa nao. Kikande akivuliwa hadi akaisha, wenye miiba huzaliana bila kizuizi, na wao huukwangua mwamba mpaka ukamomonyoka. Pono na tasi nao, ambao hula mwani unaotaka kulifunika tumbawe, wakimalizwa na nyavu zenye matundu madogo, tumbawe lililopigwa na joto halipati nafasi ya kuota upya. Joto ndilo linalopiga, lakini sisi ndio tunaomnyima mgonjwa dawa.

Wala msiba huu si wa wavuvi wanaume peke yao. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni mama zetu na dada zetu. Aina ya mwani yenye bei nzuri, inayoitwa kotoni, imeshindwa kustawi katika fukwe nyingi kwa sababu maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto, na imebaki spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Dk. Flower Msuya, aliyeitafiti kazi hii kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, alijaribu pamoja na wanawake hao kupeleka kilimo kwenye maji ya kina zaidi. Lakini wengi wa kina mama hawa hawajui kuogelea. Hii ndiyo sura ya mabadiliko ya hali ya hewa ilipofika mlangoni kwetu: mama aliyesomesha watoto kwa mwani anatakiwa aingie bahari inayompita kimo.

Tuna mfano wetu wa kujifunza, nao ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake. Wazee husimulia kwamba jina hilo linatokana na msala, na wanalihusisha na Nabii Khidhri. Sisi hatuna dalili ya kuyathibitisha masimulizi hayo na hatuyajengei itikadi. Lililothibiti ni kwamba mwaka 1998 Misali ilifanywa eneo la hifadhi, likatengwa ndani yake eneo la mwamba lisilovuliwa, na katika miaka iliyofuata wataalamu wa hifadhi walikaa na walimu wa dini, wakasomesha wavuvi juu ya amana ya bahari kwa dalili za Qur'ani na Sunna. Wengi walioipuuza amri ya serikali waliisikiliza hukumu waliyoijua tangu chuoni. Wala jambo hilo si bid'a: Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na mawindo yake yasiwindwe, na makhalifa walitenga hima za malisho kwa maslahi ya wote. Kufunga sehemu ya mwamba ili samaki wazaane ni tawi la shina hilo hilo.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Mwaka ule ule ambao Misali ilihifadhiwa, joto la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe yake. Joto halisomi kibao cha hifadhi. Kwa hiyo mwenye kusema kuwa wavuvi wakiacha nyavu mbaya mambo yote yatakuwa sawa, amewabebesha wanyonge mzigo wa matajiri. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya kaboni itokanayo na makaa, mafuta na gesi. Waliojenga viwanda kwa miaka 150 ndio wenye sehemu kubwa ya deni hili, na leo wameingia pia wakubwa wapya. Wala tusiwafiche ndugu zetu: miongoni mwa nchi zinazochimba na kuuza mafuta kwa wingi zimo nchi za Waislamu, na haki haibadiliki kwa kuwa mdaiwa anaswali nasi. Wanachuoni wa Kiislamu waliokutana Istanbul mwezi wa Agosti 2015 waliwataka wazi matajiri na wazalishaji wa mafuta waongoze katika kupunguza. Sisi tuna haki ya kudai madhara haya yaondolewe, kwa kuwa fiqhi yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara. Lakini anayedai haki yake huku anaiharibu amana aliyonayo mkononi, dai lake hudhoofika.

Kwa ajili hiyo tunatoa nasaha hizi kwa misikiti ya mwambao.

Kwanza, makhatibu waache kulipita jambo hili kwa neno moja la kiama kimekaribia. Kiama kitakuja kwa wakati wake anaoujua Allah, na Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa mwenye mche mkononi aupande hata kama Saa imesimama. Kabla ya kaskazi kwisha, watenge khutba moja ya kueleza yanayoupata mwamba, na baada ya swala ya Isha wamwalike mtafiti azungumze na wavuvi kwa Kiswahili, aulizwe maswali magumu na ajibu.

Pili, mwamba uliofungwa kwa makubaliano ya kijiji uheshimiwe kama ahadi nyingine yoyote. Huko Andavadoaka, Madagaska, wavuvi maskini kama sisi walianza mwaka 2004 kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache, na walipoufungua walipata pweza wakubwa zaidi. Vijiji vingine vikaiga.

Tatu, samaki wa baruti asinunuliwe. Mchuuzi mzoefu anamjua: nyama imelegea na mifupa imevunjika ndani. Mwenye kumnunua akijua, ameshiriki kuubomoa mwamba.

Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Misikiti yetu ya kale imejengwa kwa mawe na chokaa ya matumbawe, na tunajivunia. Wajenzi wale hawakujua tunayoyajua. Kamati ya msikiti inayojenga leo isinunue chokaa iliyochomwa kwa matumbawe yaliyong'olewa baharini. Haifai nyumba ya Allah ipakwe rangi nyeupe kwa kuuvunja uumbaji wake.

Tano, wenye sauti mbele ya wabunge, wawakilishi na mawaziri waulize kwa adabu na bila hofu: fedha zinazoahidiwa kwa jina la wavuvi na wakulima wa mwani zinafika kwa nani?

Yule mzee wa barazani hatauona tena mwamba wa ujana wake, tusimdanganye. Pengine hata kijana aliyetaja matumbawe hatauona. Lakini mwamba uliopigwa na joto hauanzi upya kutoka popote. Huanzishwa na matumbawe machache yaliyobaki hai, na hayo yatabaki au hayatabaki kwa yale tutakayoyafanya baina ya kaskazi moja na nyingine. Siku tutakapoulizwa juu ya amana, hatutaulizwa kuhusu viwanda tusivyovimiliki. Tutaulizwa kuhusu juya, baruti na chokaa, na kuhusu ulimi ulionyamaza barazani hali ukijua.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili na uturuzuku kuiepuka. Wabillahi tawfiq.